Kwenda Kujitolea Kijijini Kaskazini mwa Ghana: Mwongozo kwa Msafiri wa Afrika Mashariki

Miongozo mingi ya kujitolea Afrika Magharibi imeandikiwa kijana wa Ulaya au Marekani ambaye hajawahi kuchota maji kisimani. Huu nimeuandikia mwalimu wa Singida, mhasibu wa Kisumu, nesi wa Bujumbura, au Mkenya aliyekulia Uingereza, anayetaka kukaa miezi kadhaa katika kijiji cha Wadagomba karibu na Tamale, makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini wa Ghana. Wewe una faida ambayo wengine hawana: sima unaijua, jembe unalijua, na kuamkia wazee umefundishwa nyumbani. Faida hiyohiyo ni mtego. Ukiona nyumba za udongo, mbuzi na watoto wanaokimbilia gari, unajiona umefika kwenu. Hujafika kwenu. Uchifu, siku za gulio, mgawanyo wa kazi kati ya wanaume na wanawake, hata haki ya kuokota matunda ya mti, vyote vina taratibu zake huko.

Na wenyeji hawakuanza jana kupokea wageni wa kujitolea. Kundi la kwanza kabisa la Peace Corps ya Marekani lilitua Accra Agosti 1961, na Tanganyika ikapokea la kwake mwaka huohuo. Ghana yenyewe ina mpango wa utumishi wa taifa unaowapeleka wahitimu wake kwenye shule na zahanati za vijijini. Kijiji kinajua kumpima mgeni.

Kabla ya yote: tafuta jina la mtu

Usikate tiketi mpaka uwe na jina la mtu wa huko ambaye kazi yake ipo tayari, na wewe unakwenda kumsaidia. Anaweza kuwa mwalimu wa hesabu, muuguzi wa zahanati, katibu wa kamati ya maji au kiongozi wa kikundi cha akina mama. Ukiambiwa tu kwamba kijiji kinahitaji msaada, uliza: nani alikuwa akifanya kazi hii mwezi uliopita, na nani ataifanya nikiondoka? Wasipokuwa na jibu, hakuna kazi. Kuna safari tu.

Kisha jiulize mwenyewe: nyumbani ningeruhusiwa kuifanya? Kama Mwanza hushiki sindano kwa sababu huna leseni, usiishike Ghana kwa sababu hakuna anayeuliza. Kama hujawahi kusimamisha ukuta ulionyooka, waachie mafundi wa kijiji wajenge darasa lao na walipwe kwa hiyo kazi. Ujuzi unaokosekana zaidi vijijini mara nyingi hauna mvuto kwenye picha: kuweka vitabu vya hesabu vya kikundi, kutengeneza pampu, kupanga kumbukumbu za wagonjwa, kumsaidia mwalimu wa sayansi kuandaa majaribio kwa vifaa alivyonavyo.

Kuhusu shule, jihadhari na jambo moja. Sera ya Ghana ni kwamba watoto wa chekechea hadi darasa la tatu wafundishwe kwa lugha ya kwao, na kwa Wadagomba hiyo ni Kidagbani. Mgeni asiyekijua hana kazi ya maana darasa la kwanza. Omba kukaa na mwalimu wa madarasa ya juu, ambako Kiingereza ndicho kinachotumika.

Vituo vya yatima viache kabisa. Serikali ya Ghana kwa miaka mingi imekuwa ikijaribu kuwarudisha watoto kwenye familia, kwa sababu wengi wanaowekwa humo wana mzazi aliye hai au ndugu wa kuwalea. Mgeni anayelipa ili akacheze na watoto wiki tatu ndiye anayekifanya kituo kiendelee kuwatafuta.

Njia za kupata nafasi

Kwa kijana wa miaka 18 hadi 35, Umoja wa Afrika una kikosi chake cha vijana wa kujitolea kilichoanzishwa mwaka 2010, kinachowapeleka vijana kufanya kazi kwa miezi 12 katika nchi nyingine ya bara hili. Wafanyakazi wa Kujitolea wa Umoja wa Mataifa, wenye makao makuu Bonn, huajiri watu wenye taaluma na kuwapa posho ya kujikimu. Njia hizi ni ndefu, na kituo cha kazi si lazima kiwe kijiji unachokitaka.

Njia ya tatu ni shirika dogo la Tamale lenyewe. Hapo ndipo kuna nafasi bora, na ndipo kuna matapeli. Likikutoza ada, omba mchanganuo: kiasi gani ni chakula na kitanda kwa familia itakayokupokea, kiasi gani ni usafiri, kiasi gani kinabaki ofisini. Omba kuzungumza kwa simu na mwenyeji wako wa kijijini na ofisi isiwe kwenye mstari. Na omba barua inayotaja kazi, muda na msimamizi. Barua hiyo utaihitaji kwenye viza, uwanja wa ndege na kwa chifu.

Chagua msimu kabla ya tarehe

Kaskazini mwa Ghana kuna msimu mmoja tu wa mvua, takriban Mei hadi Oktoba. Mtu wa vuli na masika inabidi abadilishe kalenda kichwani. Mvua zikianza kila mtu yuko shambani: mahindi, karanga, mtama, uwele, viazi vikuu. Mikutano haina watu, na watoto wakubwa hupungua darasani. Julai na Agosti maghala huwa yamekwisha na mavuno mapya bado. Mgeni wa kulishwa wakati huo ni mzigo, hata kama hakuna atakayekwambia. Mavuno huja kati ya Septemba na Novemba. Kuanzia Desemba hivi huvuma Harmattan, upepo mkavu wa kutoka Sahara unaoleta vumbi, midomo kupasuka na baridi ya usiku inayowashangaza wengi. Machi na Aprili ni joto linaloweza kupita nyuzi 40.

Mimi ningeingia Oktoba mwishoni au Novemba. Chakula kipo, njia zimekauka, watu wana muda wa kukaa kikao. Ukienda kwa kazi ya shea, mti ambao kokwa zake hukamuliwa siagi ya kupikia na ya kupaka ngozi, hapo huna budi kuwa huko kati ya Mei na Agosti, matunda yanapookotwa.

Wadagomba wengi ni Waislamu. Mwezi wa Ramadhani mchana usiupangie mafunzo, na Ijumaa iheshimu. Gulio nalo huzunguka kila baada ya siku sita, kwa hiyo haliangukii siku ileile ya wiki. Siku ya gulio hata mwenyekiti wa kikao chako hatakuwepo, na ana haki.

Karatasi, chanjo na pesa

Masharti ya viza kwa raia wa nchi zetu hubadilika, na hayafanani kati ya Mkenya, Mtanzania na Mkongo. Uliza ubalozi wa Ghana moja kwa moja, na uulize kuhusu kufanya kazi ya kujitolea, maana kibali cha mtalii ni kingine.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 ni cha maisha, kwa hiyo kadi yako ya njano ya zamani inatosha kama bado unayo. Kadi za kununua mtaani bila kuchomwa zimezoeleka kwetu. Homa ya manjano haiangalii mhuri. Chanjo ya uti wa mgongo, aina ya ACWY, usiiruke: eneo hilo limo katika ukanda wa ugonjwa huo, na milipuko huja wakati wa kiangazi. Ongeza homa ya ini, taifodi na pepopunda, na kwa atakayekaa muda mrefu, kichaa cha mbwa.

Malaria ndiyo inayowaponza watu wa kwetu. Mtu wa Nairobi au Njombe husema "mimi malaria naijua" akiwa hajaumwa miaka 15. Kinga ya mwili hufifia usipokuwa unaambukizwa, na aliyeishi Ulaya muda mrefu ajihesabu kama mgeni kabisa. Muone daktari kuhusu dawa ya kukinga. Doksisaiklini humezwa kila siku kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari hadi wiki nne baada ya kuondoka, na huifanya ngozi iungue haraka juani. Atovakwoni na proguanili huendelea siku saba tu baada ya kuondoka lakini ni ghali. Meflokwini ni ya mara moja kwa wiki, na haimfai aliyewahi kuugua maradhi ya akili.

Bima isome sehemu ya pikipiki. Tamale na vijiji vyake huendeshwa kwa pikipiki, na bima nyingi haziilipi ajali yake, hasa kama hukuvaa helmeti au huna leseni.

Pesa ni sedi. Malipo ya simu yameenea, wenyewe huyaita MoMo, na mtu wa M-Pesa hatapata shida. Sajili laini kwa pasipoti dukani kwa kampuni yenyewe, usinunue iliyosajiliwa kwa jina la mtu. Kijijini beba noti ndogondogo.

Mzigo

Beba chandarua chenye dawa, tochi ya kichwani, viatu vilivyofunika vidole, nguo za kitambaa chepesi zinazositiri mabega na magoti, helmeti yako mwenyewe, dawa za kuharisha pamoja na pakiti za maji ya chumvi na sukari, na kipimajoto. Plagi za Uingereza tulizozizoea hufanya kazi. Mafuta ya ngozi usibebe. Unakwenda nyumbani kwa shea. Dawa za kugawa usibebe pia.

Kufika

Kutoka Nairobi, Addis Ababa au Kigali kuna ndege za kwenda Accra. Kutoka Accra hadi Tamale ni kilomita 600 na zaidi: ndege ni kama saa moja, basi ni siku nzima au usiku kucha. Saa yako irudishe nyuma saa tatu, au saa mbili kama umetoka Bujumbura au Kigali. Lala Tamale angalau usiku mmoja, jitambulishe kwenye ofisi ya shirika, na nunua kola sokoni, zile mbegu chungu za kutafuna utakazompelekea chifu. Muombe mwenyeji wako akuchagulie. Zilizonyauka ni dharau. Kutoka hapo ni trotro, ndugu wa daladala na matatu, kisha pikipiki au guta la matairi matatu.

Siku ya kwanza ni ya chifu

Kabla ya kufungua begi, kabla ya kuona shule, unapelekwa kwa chifu. Usiende peke yako. Atakupeleka mwenyeji wako, pengine na mjumbe wa eneo katika baraza la wilaya. Chifu wa Wadagomba hukalia ngozi za wanyama, kama vile wa kusini mwa Ghana wanavyokalia kigoda, na juu yao wote yuko Ya Naa, mfalme wa Dagbon, yaani nchi ya Wadagomba, aliyeko Yendi.

Vua viatu na kofia mlangoni. Ukiingia chuchumaa, mwanamume kwa mwanamke, wala usinyooshe mkono kumsalimu chifu kwa kumshika. Maneno yako hayaendi kwake moja kwa moja: humwambia Wulana, msemaji wake, naye hufikisha, hata kama chifu ameketi hatua mbili kutoka kwako na Kiingereza anakijua kukuzidi. Kola hutolewa kwa mkono wa kulia kupitia huyohuyo. Siku hizi huongezwa bahasha yenye pesa kidogo, nayo huitwa kola vilevile. Kiasi chake mwenyeji wako atakuambia. Eleza umetoka wapi, nani amekualika, kazi gani, muda gani. Usiahidi kitu. Ukisema kwa adabu kwamba utajitahidi kutafuta wafadhili, kijiji kizima kitakuwa kimesikia kabla ya magharibi kwamba unaleta pesa.

Ukitoka kwa chifu, msalimu imamu, kisha Magazia, kiongozi wa wanawake. Wageni wengi humsahau huyu wa mwisho, halafu wanashangaa mbona akina mama hawaji mkutanoni.

Kuna mazungumzo ya kukaa nayo mbali. Mwaka 2002 Ya Naa Yakubu Andani II aliuawa Yendi katika mgogoro wa nyumba mbili za kifalme, Abudu na Andani, na kiti kilikaa bila mwenyewe wa kudumu hadi Januari 2019. Watu waliozika ndugu zao kwa sababu ya mgogoro huo, wa pande zote mbili, bado wanaishi kijiji kimoja. Usiulize nani alikuwa na haki. Na kuhusu maeneo ya kaskazini zaidi, kama Bawku na mpaka wa Burkina Faso, fuata maelekezo ya usalama ya wakati huo, wala usiende kutembea.

Wiki mbili za kusalimia

Asubuhi ni *Dasiba*, mchana *Antire*, jioni *Aninwula*, na jibu la yote ni *Naa*, ukilivuta kidogo. Baada ya hapo huja maswali ya nyumba, watoto na kazi, nayo huitikiwa moja baada ya jingine. Aliyelelewa pwani yetu hatachoka. Salamu ya Kiislamu nayo inapokewa vizuri. Mzee msalimie ukiwa umechuchumaa.

Chakula cha kila siku ni tuo zaafi, sima laini ya mahindi au uwele, na mchuzi wa ayoyo, ambao Msingida ataujua kwa jicho tu: ni mlenda. Harufu kali utakayoisikia ni ya dawadawa, mbegu za mti zilizochachushwa, kiungo chao. Mle kwa mkono wa kulia, bakuli moja, wanaume kwa wanaume. Changia chakula kwa kumpa mama wa nyumba kila wiki, na mumewe ajue.

Maji yaulize yanatoka wapi. Vijiji vingi hutegemea mabwawa ya kuchimbwa ambayo watu na ng'ombe hushiriki. Maji hayo hutulizwa kwa shabu, halafu hutiwa klorini. Yalikuwa chanzo cha mnyoo wa Guinea kwa miaka mingi; Ghana iliona mgonjwa wa mwisho mwaka 2010, na ikathibitishwa kuumaliza mwaka 2015. Kazi hiyo ilifanywa kwa vitambaa vya kuchuja na watu wa vijiji kuhesabu wagonjwa mlango kwa mlango. Usioge bwawani, kichocho kipo.

Katika wiki hizi mbili usianzishe chochote. Kaa zahanati, nenda shambani, beba ndoo. Andika nani anafanya nini saa ngapi.

Kazi yenyewe: mifano miwili

Chukua pampu ya mkono iliyokufa. Kaskazini mwa Ghana utakuta aina kadhaa, mojawapo Afridev, ambayo miaka ya 1980 ilifanyiwa majaribio kwetu Kwale, ikabuniwa ili wanakijiji waifungue wenyewe kwa vifaa vichache. Fundi wa Kwale au Dodoma anaweza kuirudisha mchana mmoja. Asifanye hivyo peke yake. Kazi ya siku ya kwanza ni kukaa na kamati ya maji na kuuliza imekufa lini, nani aliitengeneza mara ya mwisho, na hela za michango ziko wapi. Mara nyingi kilichoharibika ni bushi za mpini au mpira wa pistoni, vitu vya bei ndogo, na kilichokosekana ni mtu wa kuvifuata mjini na daftari linaloaminiwa. Basi wafundishe wawili kuifungua na kuifunga, mmoja awe mwanamke, kwa kuwa ndiye atakayekuwepo pampu ikigoma alfajiri. Nenda nao mjini hadi duka la vipuri, wao ndio wanunue. Daftari la michango lisomwe hadharani. Ukiweza kuondoka hujawahi kushika spana, umefanya vizuri sana.

Mfano wa pili ni shea. Miti iko mashambani mwa wanaume, matunda huokotwa na wanawake kabla jua halijachomoza, tena wakati wa nyoka. Kokwa huchemshwa, hukaushwa, hupasuliwa. Wanaotengeneza siagi huzikaanga, huzisaga na kuzikanda kwa maji mpaka mafuta yaelee. Mama anayehitaji ada ya shule huuza kokwa papo hapo, bei ikiwa chini kwa kuwa kila mtu anauza, na mwenye ghala hungoja. Mhasibu anaweza kusaidia kikundi kuweka akiba ya magunia, kuandika gunia la nani ni lipi, na kuuza pamoja baadaye. Lakini asiende kuwafundisha hisa na sanduku la funguo tatu kana kwamba ni uvumbuzi wa vikoba vya Dar es Salaam. Mfumo huo ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake, kupitia shirika la CARE. Umetoka huko ukaja kwetu. Waulize kwanza wanavyoweka akiba sasa.

Afya na usalama ukiwa huko

Homa yoyote ni malaria hadi kipimo kikatae. Nenda zahanati siku hiyohiyo. Usiku tembea na tochi na viatu: kuna nyoka mdogo wa jamii ya Echis, rangi ya mchanga, ambaye sumu yake huzuia damu kuganda. Siku ya kwanza kabisa uliza hospitali ipi ina dawa ya sumu yake na pikipiki ya nani itakupeleka. Aliyeumwa asichanjwe wala kufungwa kamba. Atulizwe, mguu usitikiswe, aondoke mara moja. Pikipiki usipande usiku barabara kuu, ambako malori na mifugo hukutana bila taa.

Picha, zawadi na maombi

Omba ruhusa ya picha kwa mtu mzima, na kwa mtoto muombe mzazi. Mgonjwa zahanati hapigwi. Zawadi ipeleke shuleni au kwa kamati kupitia mwenyeji wako; peremende barabarani huzaa watoto wanaomkimbilia kila mgeni. Utaombwa pesa, na mwanzoni wataona wewe Mwafrika mwenzao ni tajiri kama wengine, maana ulipanda ndege. Jibu moja litoshe kwa wote: nimekuja na kazi, pesa inapita kwa shirika. Ukimkopesha mmoja, umekopesha ukoo.

Kuondoka

Tarehe ya kuondoka iseme tangu siku ya kwanza, na isisogee. Mwezi wa mwisho acha kufanya. Mwenzako afanye, wewe uangalie. Kila karatasi ibaki kijijini kwa nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Rudi kwa chifu kuaga, kwa kola, kwa Wulana, viatu mlangoni. Anayeondoka bila kuaga huhesabiwa kuwa ametoroka, na shirika lililokuleta litalipia hilo kwa mgeni ajaye.

Nyumbani maliza dawa ya malaria hadi kidonge cha mwisho. Ukipata homa ndani ya miezi mitatu ya kurudi, mwambie daktari kabla hajauliza kwamba umetoka Afrika Magharibi, taja mkoa, na udai kipimo siku hiyohiyo.